Madaftari ya Mdogo Wangu Aliyesomea Siasa

Mdogo wangu alipoandika kutoka Nairobi kwamba amechagua kusomea siasa chuo kikuu, nilimsomea tata barua hiyo mara tatu. Tata ndivyo tunavyomwita baba kwetu, na tata yangu alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato, mtu asiyependa kuharakishwa. Mara ya kwanza alisema nimeruka mstari. Mara ya pili akasema labda kijana aliandika akiwa na homa. Mara ya tatu akavua kofia.

"Siasa inasomewa?"

"Inasomewa, tata."

"Na mjumbe wetu wa bunge, alisomea wapi?"

Nikaikunja barua. Mjumbe wetu tulimjua tangu akiuza ng'ombe, na hakuna aliyewahi kumwona na kitabu.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya sitini. Kila mlima, ndivyo tunavyohesabu vijiji kwetu, ulikuwa unangoja daktari wake, wakili wake, afisa wake. Mlima wetu, upande wa Nyamira, ulikuwa umeomba daktari. Watu waliponiuliza mdogo wangu anasomea nini, nilikuwa nasema, "Mambo ya ofisi," kisha nageukia ng'ombe.

Mimi ndiye mkubwa. Nilimaliza Kidato cha Nne, nikapata cheti, nikakiweka juu ya kabati, nikarudi kwenye migomba. Watu walidhani nangoja kazi. Sikuwa nangoja chochote. Nilipenda nyumbani. Nilipenda kujua kuku gani anataga wapi. Kwenda Kisii mjini ilikuwa kwangu safari ya kujiandaa siku mbili, na nikifika Daraja Mbili sokoni nilinunua nilichotumwa, nikasimama karibu na basi nisije nikaachwa. Mama alikuwa akisema, "Wewe hata ukiitwa mbinguni utauliza kama kuna gari la kurudi jioni." Nilicheka pamoja naye. Sikujua kwamba tabia hiyo ingekuja kumgharimu mtu mwingine.

Likizo ya kwanza mdogo wangu alikuja na sanduku la bati lililojaa vitabu. Akaliweka katika saiga yake. Saiga ni nyumba ndogo ya kijana aliyekwisha tahiriwa. Anajijengea uani, analala humo, na kuanzia siku hiyo baba yake hakanyagi humo ndani. Si kwamba amekatazwa na mtu. Ni heshima tu, tunaiita chinsoni: baba haingii anapolala mwanawe. Tata akitaka kumwamsha alisimama kwenye mti wa mparachichi na kukohoa.

Mchana tulikuwa shambani tukichuma maua ya pareto, na hapo ndipo nilipopata elimu yangu ya juu, nikiwa nimeinama, kikapu kiunoni. Nilimchokoza.

"Haya, mheshimiwa. Hiyo elimu yako ilianzia wapi? Au mliitunga mwaka jana?"

"Wagiriki," akasema. "Zamani sana. Kulikuwa na mwalimu aliyekusanya katiba za miji mingi, akazilinganisha, kama wewe unavyolinganisha mikungu ya ndizi. Mji huu unatawaliwa na mmoja, huu na wachache, huu na wengi. Akauliza upi unadumu, na kwa nini unaharibika."

"Akapata jibu?"

"Bado tunatafuta."

"Basi hiyo si elimu. Huko ni kupotelewa na kitu."

Alicheka, lakini aliendelea, maana alikuwa wa kuendelea. Akanieleza habari za Mwitaliano mmoja aliyefukuzwa kazi serikalini, akaenda kukaa shambani kwake, akaandika jinsi watawala wanavyofanya kweli, si jinsi wanavyopaswa kufanya. Huyo nilimpenda mara moja. Mtu wa nyumbani. Nikauliza alilima nini. Mdogo wangu hakujua, na nikaona kwamba vitabu vyake vina mapengo.

Alisema kwa mamia ya miaka elimu hiyo haikuwa na nyumba yake. Ilikuwa mpangaji: mara kwa wanafalsafa, mara kwa wanasheria, mara kwa walimu wa historia. Hata huko Ulaya na Marekani ni juzi tu, enzi za babu zetu, ndipo ilipopewa idara yake yenyewe na maprofesa wake, na hao maprofesa wakashinda wakisoma katiba na sheria zilizoandikwa. Kisha baada ya vita vya pili wakatokea vijana wakasema: karatasi haitoshi. Serikali imeandikwa hivi, lakini watu wanafanya vile. Twendeni tukawaulize watu wenyewe, tuandike, tuhesabu. Basi wakaingia mitaani na karatasi za maswali.

"Na sisi?" nikauliza. "Sisi tuko wapi katika hiyo hadithi?"

Hapo aliacha kuchuma. Akasema huku kwetu elimu hiyo ilikuja mwisho kabisa, imebebwa na watu wa serikali ya kikoloni waliotaka kujua wamtoze nani kodi na wamtume nani. Kwenye sanduku lake kulikuwa na kitabu kilichogawa Waafrika makundi mawili: wenye wafalme, hao wana serikali, na wasio na wafalme, hao hawana. Sisi tulikuwa wa kundi la pili.

"Kwa hiyo tulikuwa tunaishije?" nikauliza.

"Kitabu kinasema kwa undugu na kwa bahati."

Sikuudhika sana. Mambo mengi yangu huenda kwa undugu na kwa bahati. Lakini yeye alikuwa ameudhika mpaka akarudia kuchuma akiyang'oa maua na mashina yake.

Basi mwaka wake wa mwisho ulipokaribia, akaamua kazi yake ya kumalizia digrii iwe hiyo: kuonyesha jinsi watu wa mlima mmoja wa Kisii wanavyoamua mambo bila mfalme. Mpaka wa shamba ukigombaniwa, nani anaketi? Nani anaongea mwisho? Profesa wake alimwambia kazi ikiwa nzuri, kuna nafasi moja ya kwenda ng'ambo kuendelea na digrii ya pili, na kurudi kufundisha. Nafasi moja tu kwa darasa zima. Aliniambia haya akiwa amenishika mkono, jambo ambalo hatukuwa na mazoea nalo.

Alikuja likizo ndefu, tukazunguka mlima pamoja. Mimi nilikuwa pasi yake, maana mimi watu walinijua. Yeye alikuwa amekwisha kuwa na viatu. Swali lake kubwa lilikuwa rahisi: "Nani akisema, jambo linaisha?" Watu walilipenda. Walikaa, wakafikiri, wakaita wake zao wabishane. Jirani yetu wa juu alisema, chifu akisema jambo ndipo linaanza, na akaeleza kwa nini, kwa mifano, na majina. Kulikuwa na bibi mmoja mjane, tukimwita magokoro, yaani nyanya, kama wote walivyomwita, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na kisima. Yeye alisema, "Mimi. Nikisema, jambo linaisha. Wakibisha naacha kuwasalimu, na kisima ni hapa." Mdogo wangu aliandika kila neno, kwa Ekegusii kwanza, kisha Kiingereza pembeni. Yakajaa madaftari kumi na moja.

Alipokuwa anarudi chuoni kwa muhula, aliyaacha saigani ndani ya sanduku. Huko bwenini, alisema, vitu hupotea. Angekuja likizo inayofuata ayakalie na kuandika.

"Usiyaguse," akaniambia. "Hayo ndiyo kazi yenyewe. Yakipotea, nafasi imepotea."

"Nani atayagusa? Hapa hata panya ni wa kanisa."

Hayo ndiyo maneno niliyomjibu.

Wiki kadhaa baadaye chifu aliita baraza. Alisema mengi kuhusu matuta na kuhusu pombe, na mwisho, akiwa ameshaanza kuondoka, akageuka akasema amesikia kuna mtu anapita nyumba kwa nyumba akiandika majina ya watu na kuwauliza nani anatawala. Akasema mwenye karatasi hizo azilete mwenyewe kabla hazijafuatwa. Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Vichwa vyote viligeuka kumtazama tata, halafu, kwa adabu, vikatazama matuta.

Tata alirudi nyumbani. Siku iliyofuata jirani wa juu alikuja, yule aliyesema habari za chifu. Hakuingia. Alisimama nje ya ua akamwambia tata, kwa neno letu la kumheshimu mzee, "Omogaka, mimi nina watoto sita." Ni hayo tu. Kisha akaenda.

Baada yake alikuja mwingine, na mwingine, kila mmoja akisema idadi ya watoto wake.

Tata aliniita. "Yale madaftari hayawezi kulala hapa Sabato hii. Yachukue uyapeleke Nyanchwa kwa shangazi yako, akae nayo. Ukishindwa, yachome. Kwa chifu hayaendi."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nataka ieleweke vizuri, maana baadaye nyumbani kwetu palisemwa mengi, na mimi niliyaacha yasemwe: tata alinipa njia mbili. Nyanchwa ni kilima pale pembeni ya Kisii mjini. Basi lilikuwapo. Shangazi alikuwapo. Ningeweza pia kupita posta nikamwandikia mdogo wangu. Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi, nikasema barabara haipitiki. Ijumaa mvua haikunyesha. Nilifunga madaftari katika gunia, nikavaa koti, nikafika langoni, nikafikiria njia inayopita mbele ya kambi ya chifu, na askari wake wawili wanaokaa pale kwenye benchi, na mimi na gunia. Nikavua koti. Nikarudi. Nikamwambia tata ng'ombe mmoja anaonekana mgonjwa.

Tata alimtazama ng'ombe. Ng'ombe alikuwa anatafuna.

"Basi twende," akasema.

Alisimama mahali pake kwenye mparachichi, mimi nikaingia saigani. Hakuweza kuingia, na hakutaka kuchoma asichokijua, kwa hiyo ilibidi nimsomee kwa sauti kutoka mlangoni. Nikafungua sanduku. Nikaanza na vitabu, nikijidanganya kwamba tukianza na vitabu labda tutachoka.

"Hiki ni cha Wagiriki, tata."

"Wanakaa lokesheni ya chifu gani?"

"Walikufa zamani."

"Chifu hawajui. Kiache."

"Hiki ni cha Mwitaliano aliyefukuzwa kazi."

"Alikuwa na watoto?"

"Sijui."

"Kiache. Kinachofuata."

"Hiki kinaeleza jinsi Wamarekani wanavyopiga kura."

"Hao watajitetea wenyewe."

Hata kile kilichosema hatukuwa na serikali kilipita. Tata alisema hakioni kikimfunga mtu. Vikaisha. Yakabaki madaftari. Humo ndani nikasikia kuku, nikasikia tata akihamisha fimbo mkono mmoja hadi mwingine.

"Na hayo?"

"Ni yale, tata."

"Soma ukurasa mmoja."

Nikafungua popote. Lilikuwa jina la jirani wa juu, jina la baba yake, namba ya shamba lake, na chini yake maneno yake yote juu ya chifu, yameandikwa vizuri, kwa mwandiko ule ambao mwalimu wetu wa zamani alikuwa akiutundika ukutani. Nikasoma mpaka katikati, tata akasema, "Inatosha."

Nilimwambia, "Tata, haya ndiyo digrii yake." Nilisema. Lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayetaka ijulikane tu kwamba alisema.

"Najua," tata akajibu. "Na yule ana watoto sita."

Tulikuwa na kibanda cha kukaushia pareto, trei juu na moto chini. Niliyatia huko moja moja, mchana kweupe. Karatasi ya madaftari huwaka haraka ikifunguliwa, lakini ikifungwa inakaa kama tofali, kwa hiyo ilibidi niyafungue, na nilipoyafungua niliyasoma, na nilipoyasoma nilimsikia magokoro akisema kisima ni hapa. Mama alipita na maji, akasimama, akaona, hakunichokoza. Hilo ndilo lililonitisha kuliko chifu. Kabla ya jua kuzama kazi ilikuwa imekwisha. Pareto ya wiki ile ilikauka vizuri kuliko zote.

Askari hawakuja. Hiyo wiki hawakuja, na mwezi huo hawakuja, na hawakuja kabisa.

Likizo ilikuwa inakaribia, na mimi nikaanza kupungua. Chakula hakikupita. Nilinunua madaftari kumi na moja mapya dukani, nikasema nitayajaza. Wazo hili lilinipa nafuu kwa siku nzima. Nilikuwa na Kidato cha Nne, nilikuwapo wakati wa kuuliza, nilikuwa na masikio. Kama elimu yenyewe ni kuuliza na kuandika, nitauliza, nitaandika.

Basi mimi, mtu wa nyumbani, nikazunguka mlima. Wote walinipokea kwa heshima, wakanipa kiti, na nilipouliza nani akisema jambo linaisha, wote walijibu neno moja: serikali. Jirani wa juu alisema serikali kabla sijamaliza swali. Mpaka wa shamba? Serikali. Mke akikimbilia kwao? Serikali. Ng'ombe akiingia mahindi ya mtu? Mzee mmoja alifikiri kidogo, akasema, "Wizara," akaona ameenda mbali zaidi, akaridhika.

Nikaenda kwa magokoro nikiwa na tumaini la mwisho.

"Andika serikali," akasema. "Na uandike kwamba nilisema nikiwa nimekaa vizuri."

"Magokoro, mara ya kwanza ulisema ni wewe."

"Yako wapi hayo ya mara ya kwanza?"

"Yalichomeka."

"Basi sikuyasema." Akanitazama. "Na wewe usilie hapa, watu wanakuja kuchota maji."

Ndipo nikakaa mezani nikajaribu kuyakumbuka. Daftari la kwanza nililijaza vizuri. La pili nikasitasita. Kufikia la tano niliona jambo la ajabu: watu wote wa mlima walikuwa wanaongea kama mimi. Vijana, wajane, wachungaji, wote walikuwa waoga kidogo, wote walipenda kukaa, wote walimaliza sentensi kwa kujicheka. Nilifuta, nikaandika upya, wakazidi kufanana. Nilijaribu kumwandika mtu mmoja mkali, akatoka mtu mwoga aliyekasirika. Nikaendelea tu hadi la kumi na moja, kwa sababu kusimama kungekuwa kukubali.

Mdogo wangu alifika Jumapili akiwa na ndevu na furaha. Aliingia saigani, akafungua sanduku. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika ufagio ambao sikuwa na kazi nao. Alichukua daftari la juu, akasoma kurasa mbili amesimama. Akakaa kitandani, akasoma la pili. Akachukua la mwisho.

"Haya ni nini?"

"Niliyanakili. Yale yalilowana."

"Magokoro alisema hivi?"

"Ndiyo."

"Magokoro alisema, 'Nikiangalia pande zote mbili za jambo hili'?"

Nikafagia mahali pamoja.

"Magokoro hajawahi kuangalia upande zaidi ya mmoja tangu azaliwe," akasema taratibu. "Yako wapi?"

Nikamwambia. Nilianza na baraza, na jirani, na watoto sita, na mvua ya Alhamisi, na nikajaribu kuishia hapo. Aliuliza, "Na Ijumaa?" Nikamwambia na ya Ijumaa, na gunia, na lango. Hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na ningeshukuru. Alisema tu, "Nyanchwa. Ungefika kabla ya chakula cha mchana." Kisha akaniomba nitoke, akafunga mlango.

Hakutoka siku hiyo wala iliyofuata, ila kwa haja. Asubuhi ya tatu, baada ya kukamua, tata alikwenda kwenye mparachichi akakohoa. Mlango haukufunguka. Akakohoa tena. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya: akasogea, hatua kwa hatua, mpaka karibu na ukuta wenyewe, akasimama umbali wa mkono mmoja kutoka mlangoni. Akaniita nisimame kati. Kila mmoja alimsikia mwenzake, lakini ilibidi maneno yapitie kwangu.

"Mwambie majina ya watu yalikuwa nyumbani mwangu," tata akasema.

"Amesikia, tata."

"Mwambie."

Nikamwambia. Kutoka ndani sauti ikajibu, "Mwambie hakuna ambaye angeyaona. Ningeyaondoa, kila mtu ningempa namba."

"Mwambie kabla ya kuwa namba walikuwa watu."

"Mwambie nilikuwa na nafasi moja."

Tata aligeuka kutazama bondeni. Ukungu ulikuwa bado umelala huko. Nikadhani amemaliza.

"Muulize," akasema, "alitaka kuwaonyesha nini hao wa chuoni."

Ndani kitanda kililia, halafu: "Kuna kitabu kinasema sisi hatukuwa na serikali. Nilitaka kuwaonyesha kuwa tunayo, ila haina kiti."

"Mwambie mimi nimesimama hapa tangu tumalize kukamua," tata akasema, na sasa hakuwa akinitazama mimi. "Mlango huu hauna kufuli. Mwanangu yuko ndani, hali chakula siku ya tatu. Nataka kuingia nimshike. Chifu hayuko. Askari hawako. Mama yenu amekwenda mtoni, hakuna wa kuniona. Muulize nani ananizuia."

Sikuweza kulipeleka hilo. Lakini hapakuwa na haja. Tulisimama pale, mzee na mimi, mpaka ukungu ukainuka, na hakuna aliyefungua na hakuna aliyeingia. Mwishowe tata akageuka akaenda kwenye shamba letu la chai, akachuma mpaka alasiri bila kofia.

Jioni ile mdogo wangu alifungua mlango akaniomba karatasi. Sikuwa na karatasi ila ile iliyobaki katika madaftari yangu ya uongo, akageuza akaandika upande wa nyuma. Aliandika likizo yote. Kwa kuwa watu walikuwa wamechomwa, aliandika juu ya vile vilivyobaki sandukuni: Wagiriki na katiba zao, Mwitaliano wangu, wanasheria, idara mpya, wahesabu wa kura, wakoloni na makundi yao mawili. Historia yote ya elimu yake, kutoka mwanzo hadi mlangoni petu, na mlangoni petu ikakatika. Mwishoni aliongeza ukurasa mmoja juu ya baba anayesimama nje ya saiga ya mwanawe. Nilimsomea maandishi yote akiyasahihisha, na nilipofika ukurasa huo aliuchukua akausoma mwenyewe kimoyomoyo.

Akarudi Nairobi. Hatukuagana vibaya, alinipa mkono kama mgeni anavyompa mwenyeji. Nilitaka kumsindikiza hadi mjini, kwa mara ya kwanza nilitaka kwenda mahali, naye akasema hakuna haja, njia ni mbovu.

Baada ya miezi kadhaa barua ikaja. Yeye mwenyewe alikuwa amekuja siku chache kabla, anangoja. Tulikuwa uani, mimi na yeye. Aliisoma, akaikunja, akanipa. Alikuwa amefaulu, daraja la kati. Profesa aliandika kwa upole kwamba historia ya somo imeelezwa vyema, lakini vitabu hivyo kila mtu anavyo. Kwamba ukurasa wa mwisho ndio pekee uliomfanya akae wima, ila baba mmoja si ushahidi. Na kwamba nafasi ya ng'ambo imekwenda kwa mwingine, aliyekuwa na mahojiano.

"Ningekuwa naye angalau magokoro," mdogo wangu akasema. Hakuwa akinilaumu. Alikuwa akihesabu.

Tata alikuwa anatujia kutoka upande wa zizi, ndoo mkononi, macho yake kwenye barua. Alikuwa amezeeka mwaka huo kuliko miaka kumi kabla yake. Mdogo wangu aliniambia haraka, kwa sauti ya chini, "Mwambie wewe." Akaingia saigani.

Nikamsubiri tata afike. Nilikuwa na barua mkononi, yote kwa Kiingereza, na pale uani ni mimi tu niliyeweza kumsomea.

"Wanasemaje?"

"Amepita, tata."

"Na ile nafasi?"

"Wanasema amepita."

Alitua ndoo chini. Hakuuliza tena. Sijui mpaka leo kama hakuelewa au kama alielewa kiasi alichotaka.

Sabato iliyofuata, kabla ya mahubiri, tata alisimama mbele ya kanisa akatoa shukrani kwamba mwanawe amepita na milango yote imefunguka. Watu wakasema amina. Jirani wa juu aliisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha tata akamwomba mdogo wangu asimame aonekane. Tulikuwa benchi moja, mimi na yeye, mabega yanagusana. Nilimsikia akivuta pumzi. Nilikaa na kutazama viatu vyangu, naye akasimama.